Cicely Williams: munganga aliyeuliza wamama jina la ugonjwa

Hapa kwetu Kivu, ukisema bwaki, hakuna anayeuliza maana yake. Ni mtoto wa mwaka mmoja na nusu ao miwili, miguu imevimba, uso umejaa kama wa mtoto anayekula vizuri, kumbe ni maji. Nywele zimegeuka rangi, ngozi inabanduka, na yeye mwenyewe hachezi tena, anakasirika hata ukimgusa kidogo. Mama akimfikisha kituo cha afya, muuguzi hataandika bwaki katika fishi. Ataandika kwashiorkor.

Wengi wanafikiri neno hilo ni la Wazungu, kama majina mengi ya magonjwa na ya dawa. Hapana. Ni neno la Kiafrika. Lilitoka katika midomo ya wamama wa Accra, katika inchi tunayoita leo Ghana, na liliingia katika vitabu vya udaktari sababu munganga mmoja mwanamke alikubali kuwauliza na kuwasikiliza. Anaitwa Cicely Williams. Alifariki zaidi ya miaka 30 iliyopita, lakini kila siku ya kupima watoto kilo katika vituo vyetu, kazi yake inaendelea, hata kama hakuna anayetaja jina lake.

Binti wa kisiwa

Cicely Delphine Williams alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 12, mwaka 1893, Kew Park, kisiwani Jamaica. Wakati ule Jamaica ilikuwa koloni ya Uingereza. Familia yake ilikuwa ya Wazungu waliokaa pale tangu zamani, wenye shamba, na baba yake alikuwa mkubwa katika idara ya elimu ya kisiwa. Hakukosa kitu nyumbani. Lakini alikulia katikati ya watu maskini, na aliona tangu utoto jinsi watoto wanavyougua.

Akiwa na miaka 13 walimpeleka Uingereza kusoma. Alipofika miaka 19 alipata nafasi katika chuo kikuu cha Oxford, lakini hakuingia. Jamaica ilikuwa imepigwa na mitetemeko ya ardhi na vimbunga, na wazazi walihitaji mikono ya kusaidia. Alirudi nyumbani. Baba alipofariki mwaka 1916, njo akashika tena njia ya shule. Bahati yake ilitokana na bahati mbaya ya wengine: vijana wanaume walikuwa vitani, madarasa ya udaktari yalikuwa na viti vitupu, basi mlango ukafunguliwa kidogo kwa wanawake. Alimaliza masomo yake mwaka 1923.

Tukumbuke wakati wenyewe ulikuwa wa namna gani. Miaka ile Cicely alipozaliwa, hata Uingereza, inchi tajiri sana, watoto karibu 150 kati ya kila 1000 waliozaliwa walikufa kabla ya kufikisha mwaka mmoja. Kuhara, nimonia, maziwa machafu, nyumba zilizojaa watu. Kifo cha mtoto mchanga kilionekana kuwa jambo la kawaida, kama mvua. Munganga aliyechagua kazi ya watoto alijua atazika wengi.

Kijana huyu alifanya kazi katika hospitali za watoto za London, kisha akaenda Ugiriki kati ya wakimbizi. Alichotaka ni kazi katika makoloni. Aliomba, akangoja sana, sababu wakubwa hawakutaka wanawake. Mwishoni, mwaka 1929, walimtuma Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Alilipwa kidogo kuliko wanganga wanaume, na alipewa kazi iliyoonekana kuwa ya wanawake: kutunza watoto wachanga na wamama zao.

Accra, na swali rahisi

Katika hospitali ya watoto ya Accra, Williams aliona kitu ambacho vitabu vyake havikueleza. Watoto wa mwaka mmoja mpaka mine waliletwa wamevimba mikono na miguu, ngozi imekuwa na madoa meusi na kubanduka, nywele zimepauka. Wanganga wengine waliandika pellagra, ugonjwa uliojulikana tayari kwa watu wanaoishi na mahindi tu. Wengine waliandika minyoo, ao kaswende ya kurithi, ao hawakuandika kitu. Watoto walitibiwa kwa magonjwa hayo, na wengi walikufa.

Yeye alifanya mambo mawili. La kwanza, alifungua maiti mwenyewe ili kuona ndani kuna nini, na alikuta maini yamejaa mafuta. La pili, ambalo halikuwa desturi ya wanganga wa koloni, aliuliza wamama. Wanauitaje ugonjwa huu? Wakamjibu kwa lugha yao ya Kiga: kwashiorkor. Na jina lenyewe lilikuwa limebeba maelezo: ni ugonjwa unaomshika mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa.

Hapo mambo yakafunguka. Wamama wale hawakusoma shule ya udaktari, lakini walikuwa wameona. Mtoto ananyonya, anakua vizuri. Mama anapata mimba ingine. Mtoto anakatishwa ziwa ghafla, anapewa uji wa mahindi asubuhi, mchana na jioni. Tumbo linashiba, lakini mwili hauna cha kujenga. Nafasi yake mgongoni mwa mama imechukuliwa, na nafasi yake kwenye chakula haijatengenezwa bado.

Mwaka 1933 Williams aliandika maelezo yake katika gazeti la wanganga wa watoto la Uingereza. Alisema ugonjwa huu unatokana na chakula, na kwamba huenda kinachokosekana ni protini, ile sehemu ya chakula tunayoikuta katika maziwa, mayai, nyama, samaki na maharagi. Mwaka 1935 aliandika tena, katika The Lancet, na safari hii aliweka jina lenyewe la wamama wa Accra: kwashiorkor.

Wakubwa hawakukubali. Kulikuwa na wataalamu London waliosema kwamba hakuna ugonjwa mpya, ni pellagra tu. Yeye aliyeona watoto kwa macho yake aliambiwa na watu ambao hawakuwaona kwamba amekosea. Baada ya kutoelewana na wakubwa wake wa kazi, mwaka 1936 waliondoa Williams Gold Coast na kumtuma Malaya, upande wa Asia. Ilikuwa kama adhabu.

Lakini neno halikufa. Mwaka 1950 shirika la afya la Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la chakula walituma wataalamu wawili kuzunguka inchi nyingi za Afrika, Congo ya Wabelgiji ikiwemo. Ripoti yao ya mwaka 1952 ilionyesha kwamba ugonjwa ule ulikuwa sehemu nyingi walizopita, ila kila watu waliuita kwa jina lao. Kwetu ulikuwa bwaki. Miaka ileile watafiti wa IRSAC pale Lwiro, teritware ya Kabare, walikuwa wanauchunguza kwa watoto wa milima yetu. Kumbe bibi zetu nao walikuwa wamekwisha kuupa jina kabla muzungu hajafika na darubini.

Maziwa ya mkebe

Kuna jambo moja la kuangalia vizuri katika maisha ya mama huyu, sababu linaweza kumchanganya mtu. Kule Accra, watoto wagonjwa aliwatibu kwa maziwa ya mkebe. Hakukuwa na kitu kingine cha haraka. Kwa mtoto mkubwa aliyekwisha kuachishwa ziwa na ambaye mwili umeisha, maziwa yale yalikuwa dawa.

Alipofika Singapore alikuta mkebe uleule umegeuka. Kampani ziliuza maziwa mazito yenye sukari kwa wamama waliojifungua juzi, wenye maziwa yao kifuani. Wanawake waliovaa kama wauguzi walipita kwa wazazi na kuwaambia kwamba maziwa ya mkebe ni ya kisasa na ni mazuri. Mama aliyeamini aliacha kunyonyesha, maziwa yake yakakauka. Halafu pesa inakosa, mama anaongeza maji ili mkebe ufike mwisho wa juma. Na maji yenyewe ni machafu, chupa haichemshwi. Mtoto anahara, anakonda, anakufa.

Mwaka 1939 Williams alialikwa kusema mbele ya watu wakubwa wa mji, katika klabu ya Rotary ya Singapore. Hotuba yake aliipa kichwa kinachomaanisha Maziwa na mauaji. Aliwaambia wazi kwamba kumdanganya mama juu ya chakula cha mtoto mchanga ni kosa la jinai, na kwamba vifo vile vinastahili kuitwa kuua. Mbele yake walikaa wafanyabiashara. Hakupunguza neno.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 dunia kumfuata. Mwaka 1981, mkutano wa shirika la afya duniani ulipitisha sheria za kuongoza biashara ya maziwa ya watoto: kampani zisitangaze maziwa hayo kwa raia, zisigawe zawadi kwa wamama, zisitumie hospitali kama soko. Williams alikuwa hai bado kuiona siku hiyo, akiwa na miaka 87.

Watoto wa gereza

Mwishoni mwa mwaka 1941 Wajapani waliingia Malaya. Williams alikimbia pamoja na wengine mpaka Singapore, lakini mwezi wa pili 1942 Singapore yenyewe ilianguka. Alifungwa katika gereza la Changi pamoja na wanawake na watoto wengi. Pale alikuwa kati ya viongozi wa wanawake wafungwa. Mwaka 1943 polisi wa jeshi la Japani walimchukua na kumweka miezi kadhaa katika chumba kidogo chenye watu wengi, wakimhoji. Alirudi mgonjwa. Alipata kuhara damu na beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini, na miguu yake haikupona kabisa mpaka mwisho wa maisha.

Lakini hata pale aliendelea kuhesabu. Katika kambi ile ya njaa, walizaliwa watoto 20. Hakukuwa na maziwa ya mkebe ya kutosha wala mahali pa kuchemshia chupa. Wote 20 walinyonyeshwa na mama zao. Wote 20 waliishi. Alipotoka mwaka 1945, hesabu hiyo ndiyo aliyoibeba na kuionyesha kwa kila aliyemwambia kwamba mama mwenye njaa hawezi kunyonyesha.

Sisi tunaosoma habari hii mashariki mwa Congo tunaweza kuielewa kuliko wengine. Tunajua kambi ni nini. Tunajua mama anayejifungua chini ya shiti. Mara ngapi tumesikia mtu akimwambia mama aliyekimbia vita kwamba hofu na njaa vimemaliza maziwa yake, aanze chupa? Wale watoto 20 wa Changi ni jibu. Hawasemi kwamba mama hahitaji kula. Anahitaji, tena sana. Wanasema kwamba msaada upewe mama ili yeye amnyonyeshe mtoto.

Kutoka 150 mpaka 7

Mwaka 1948, shirika la afya duniani lilipoanza kazi, Williams aliitwa Geneva kuwa mkubwa wa kwanza wa sehemu inayoshughulika na afya ya mama na mtoto. Hakukaa sana ofisini. Alifanya kazi Asia, akarudi Jamaica miaka ya 1950, akafundisha Beirut, akasafiri mpaka uzeeni.

Popote alipopita alifundisha jambo moja: usitenganishe kutibu na kuzuia. Wakati ule mama alipeleka mtoto mgonjwa mahali pamoja na mtoto mzima mahali pengine, siku ingine, kwa watu wengine. Yeye alitaka mahali pamoja, karibu na nyumba, mama apate dawa, apimishe mtoto kilo, apewe chanjo, azungumze juu ya chakula. Alitaka pia mtoto mgonjwa alazwe pamoja na mama yake. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana juu ya afya ya msingi iliyo karibu na raia, mawazo yaliyofanana sana na ya kwake. Zone de santé zetu, vituo vyake na wale RECO wanaopita nyumba kwa nyumba ni watoto wa mawazo hayo.

Cicely Williams alifariki Oxford tarehe 13 mwezi wa 7, mwaka 1992, akiwa na miaka 98. Mwaka huo, Uingereza ilipoteza watoto karibu 7 kati ya 1000 kabla ya kufikisha mwaka mmoja. Maisha ya mtu mmoja tu: amezaliwa wakati wa 150, amekufa wakati wa 7. Na sehemu kubwa ya safari hiyo ilifanyika kabla ya dawa kali kupatikana. Kufika mwaka 1940, kabla ya penisilini kuuzwa, vifo vilikuwa vimekwisha kushuka chini ya 60. Kilichovishusha ni maji safi, maziwa safi, nyumba bora, wamama waliosoma, na wauguzi waliopita nyumbani.

Dunia nzima imefuata njia hiyo, hata kama polepole. Mwaka 1990 watoto wapata milioni 12 na nusu walikufa kabla ya miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa karibu milioni 4,9. Hata Congo yetu imeshuka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1000, 148 hawakufika miaka mitano. Ule wa 2013-2014 ulikuta 104. Chandarua, chanjo ya surua, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara, vyote vimefanya kazi. Lakini 104 ni mmoja kati ya kila kumi. Ukihesabu watoto wanaocheza katika avenue yako, utajua namba hiyo ina uzito gani. Na shirika la afya duniani linasema kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka mitano duniani, utapiamlo una mkono ndani yake. Fishi itaandika surua ao nimonia, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na njaa.

Alikosea wapi, alipatia wapi

Tusimfanye malaika. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na katika koloni ile kakao ilipandwa ya kuuza ng'ambo wakati watoto wa wakulima walikula uji mtupu. Na juu ya sababu ya kwashiorkor, sayansi haikubaki pale alipoiacha. Tangu miaka ya 1970 watafiti wengi walionyesha kwamba protini peke yake haielezi kila kitu: watoto wawili wanaweza kula chakula kimoja, mmoja akavimba, mwingine akakonda tu. Magonjwa ya tumbo, uchafu, vitamini zinazokosa, vyote vinaingia. Uchunguzi unaendelea mpaka leo.

Lakini pale alipoanzia hakukosea. Hatari kubwa iko katika ile safari kati ya ziwa na chungu. Mtoto anaweza kuishi vizuri miezi sita ya kwanza kwa maziwa ya mama tupu. Baada ya hapo anahitaji ziwa pamoja na chakula, mpaka miaka miwili ao zaidi. Anayepotea ni yule aliyeondolewa ziwa haraka na kuwekwa mbele ya bugali na sombe ya watu wakubwa, mkono wake mdogo ukishindana na mikono ya kaka zake.

Kwetu ugonjwa huu bado una aibu. Jirani atasema ni uchawi, mwingine atasema mama amevunja mwiko. Mama mwenye aibu anaficha mtoto nyumbani, na bwaki inapenda mtoto aliyefichwa. Anafikishwa kituoni wakati amekwisha kuacha kula, na hapo hata paketi za karanga zilizotengenezwa kwa ajili yake hawezi kuzimeza.

Basi kabla ya kulala leo, angalia yule aliyemtangulia mdogo wake. Bonyeza kidogo juu ya mguu wake kwa kidole gumba mpaka uhesabu tatu, miguu yote miwili. Ukiona shimo limebaki pande zote, usingoje kesho kutwa, mpeleke kituo. Kama hakuna shimo, mshukuru Mungu, na kesho mtengenezee sahani yake peke yake: maharagi yaliyopondwa vizuri, ndagala ao sambaza iliyosagwa katika uji, karanga, avoka, yai likipatikana. Na wewe baba, kupanga nafasi kati ya mtoto na mtoto si kazi ya mama peke yake.

Wamama wa Accra waliweka onyo lote katika neno moja. Cicely Williams alilisikia na kulipeleka mbali. Bibi zetu walituachia neno letu. Halina maana tukilitumia paka kwa kucheka mtoto wa jirani.